Maria Montessori: Daktari aliyewapa sauti watoto waliodhaniwa hawafunziki

MWISHONI mwa karne ya 19, mtoto aliyezaliwa na akili nzito katika jiji la Roma, Italia, hakuwa na pa kwenda. Shule haikumpokea, na wazazi wengi waliona haya kumtoa nje mbele ya majirani. Aghalabu alipelekwa katika hospitali ya wendawazimu, akafungiwa pamoja na watu wazima waliorukwa na akili, na huko akasahaulika.

Aliyeupinga mtazamo huo kwa maneno na kwa vitendo ni daktari kijana wa kike, Maria Montessori. Leo jina lake limeandikwa kwenye malango ya shule nyingi za chekechea duniani, zikiwemo za Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Kenya.

Hata hivyo, ni wazazi wachache wanaofahamu kwamba mbinu zinazofuatwa katika shule hizo hazikuanzia kwa watoto wa matajiri, wala kwa wale waliojaliwa wepesi wa kushika masomo. Zilianzia kwa watoto ambao jamii ilikuwa imekwisha kukata tamaa nao.

Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake, Alessandro, alikuwa afisa wa serikali katika idara ya fedha. Mama yake, Renilde Stoppani, alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu wakati ambapo wanawake wengi wa nchi hiyo hawakujua kusoma wala kuandika. Mnamo 1875, familia hiyo ilihamia Roma.

Akiwa na umri wa miaka 13, Montessori alijiunga na shule ya ufundi ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana. Alitaka kuwa mhandisi. Baadaye alibadili nia na kuazimia kusomea udaktari, uamuzi ambao baba yake hakuufurahia hata kidogo. Mama ndiye aliyesimama naye.

Maisha ya chuo kikuu hayakuwa mteremko. Kwa kuwa ilionekana ni aibu mwanamke kutazama mwili uchi akiwa pamoja na wanafunzi wa kiume, Montessori alilazimika kufanya mazoezi ya kupasua maiti peke yake, baada ya wenzake kwenda zao. Huvuta tumbaku ili kukabiliana na harufu ya dawa iliyotumiwa kuhifadhi maiti hizo.

Penye nia pana njia. Mnamo 1896 alihitimu na kuwa mmoja wa madaktari wa kwanza wa kike nchini Italia. Mwaka uo huo aliiwakilisha nchi yake katika kongamano la wanawake mjini Berlin, Ujerumani, ambako alitetea haki ya wanawake kulipwa mshahara sawa na wanaume kwa kazi iliyo sawa.

Mwaka uliofuata, alianza kujitolea katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Roma. Kazi yake ilimpeleka katika hospitali za wendawazimu za jiji hilo kutafuta wagonjwa waliofaa kutibiwa, na huko ndiko alikokutana na watoto waliokuja kubadili mkondo wa maisha yake.

Inasimuliwa kwamba katika hospitali mojawapo alioneshwa chumba kitupu ambamo watoto walikuwa wamefungiwa kama mahabusu. Mlezi wao alilalamika kwamba walikuwa na tabia chafu ya kuokota makombo ya mkate sakafuni baada ya kula. Montessori alipotazama chumba kile aliona hakina kitu chochote cha kushika, kuchezea wala kutazama. Akang'amua kuwa hawakuwa wakiongozwa na ulafi. Mikono yao na akili zao zilikuwa na njaa ya kazi, na makombo yale yalikuwa ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho.

Kuanzia hapo alizama katika maandishi ya Wafaransa wawili waliokwisha kufariki. Wa kwanza alikuwa daktari Jean Itard, aliyejaribu kumfunza mvulana aliyepatikana akiishi mwituni katika eneo la Aveyron na kupewa jina la Victor. Wa pili alikuwa mwanafunzi wa Itard, Édouard Séguin, aliyefungua shule ya watoto wenye ulemavu wa akili jijini Paris kabla ya kuhamia Marekani.

Séguin aliamini kwamba mtoto wa aina hiyo hufunzwa kwanza kupitia mwili na hisi zake, kisha akili, na hatimaye nia na hulka. Montessori aliyavutiwa sana na mawazo hayo kiasi kwamba alivitafsiri vitabu vya wawili hao kwa Kiitaliano na kuvinakili kwa mkono wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alieleza baadaye kwamba alifanya hivyo ili apate muda wa kupima uzito wa kila neno.

Mnamo 1898, aliusimamia msimamo wake mbele ya kongamano la walimu mjini Turin. Aliwaeleza kuwa tatizo la watoto hao lilihusu malezi na elimu zaidi kuliko tiba, hivyo walihitaji shule zao na walimu waliofunzwa kazi hiyo. Kwa daktari kuwaambia walimu kwamba jukumu ni lao, wala si la hospitali, lilikuwa jambo geni.

Matunda ya kampeni hiyo yalionekana mnamo 1900 wakati chuo cha walimu, Scuola Magistrale Ortofrenica, kilipofunguliwa Roma. Montessori alikiongoza pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Chuo hicho kilikuwa na darasa la watoto waliotolewa shuleni na hospitalini kwa kudhaniwa hawawezi kufunzwa.

Kwa muda wa miaka miwili, Montessori alishinda na watoto hao kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Usiku aliandika aliyoyaona, akayapanga na kuyalinganisha, kisha akatengeneza vifaa vipya. Palikuwa na vipande vya mbao vya kupachika katika matundu yake, vitambaa vya kupapasa, fremu za kujifunzia kufunga vifungo, na herufi za mbao ambazo mtoto aliweza kuzishika na kuzifuatisha kwa kidole.

Kisa kimoja cha wakati huo kinaeleza vyema mbinu yake. Palikuwa na msichana wa miaka 11 ambaye hakuweza kabisa kujifunza kushona, ingawa mikono yake haikuwa na kasoro. Montessori aliiweka sindano kando na kumpa kazi ya kusuka vijikeka vya karatasi, ambapo ukanda mmoja hupitishwa juu na chini ya kanda nyingine. Msichana huyo alipozoea kusuka, alirudishiwa sindano, na mara hiyo akashona.

Kutokana na tukio hilo, Montessori alipata kanuni aliyoishika maisha yake yote. Mtoto anaposhindwa, asirudishwe kwenye jambo lile lile lililomshinda na kulazimishwa. Mwalimu atafute hatua iliyotangulia, aiandae mikono na akili ya mtoto kwa kazi nyepesi anayoiweza, ili siku ya kulikabili jambo lenyewe asiwe tena na hofu ya kushindwa.

Hofu hiyo ndiyo aliyoipa uzito mkubwa. Mtoto aliyechekwa, kupigwa na kuitwa mpumbavu tangu utotoni huacha kujaribu, na mlango wa akili yake hufungwa kwa ndani. Ndiyo maana vifaa vya Montessori vilitengenezwa kwa namna ambayo kifaa chenyewe humwonyesha mtoto kosa lake. Kipande kisichoingia katika tundu lake hakimkemei wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Humpa nafasi ya kujaribu tena.

Alisisitiza vilevile kwamba vifaa pekee havifui dafu. Aliona walimu waliotumia vifaa vya Séguin bila mafanikio yoyote, akatambua kuwa kilichokosekana ni moyo. Walimu hao walikuwa wameambiwa wajishushe hadi kiwango cha watoto duni, na kwa hivyo walijishusha na kubaki huko. Montessori alishikilia kwamba kazi ya mwalimu ni kumwamsha binadamu aliyelala ndani ya mtoto, na kwamba sauti inayomwita kwa upendo na heshima ndiyo inayomfanya avishike vifaa na kujifunza.

Aliungama kuwa kazi hiyo ilimchosha mno, kana kwamba nguvu fulani ilikuwa ikimtoka na kuingia kwa watoto. Aliamini kwamba kutia moyo, kufariji, kupenda na kuheshimu ni uwezo wa roho, na kwamba mwalimu anayeutoa bila choyo ndiye anayeyahuisha maisha yaliyo karibu naye.

Matokeo yaliistaajabisha Roma. Baadhi ya watoto hao walijifunza kusoma na kuandika vizuri, wakafanya mtihani wa serikali pamoja na watoto wa shule za kawaida, nao wakafaulu. Watu walisifu muujiza huo. Montessori, kwa upande wake, alitatizwa na swali jingine. Alijiuliza ni kitu gani kilichowazuia watoto wasio na ulemavu wowote, hata wakafikiwa na wale waliodhaniwa hawafunziki.

Wakati sifa zikimiminika, daktari huyo alikuwa na uchungu wake wa siri. Mnamo Machi 31, 1898, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Mario, baba akiwa ni Montesano. Wawili hao hawakuwa wameoana. Katika jamii ya wakati huo, siri hiyo kufichuka kungekuwa mwisho wa kazi ya mwanamke.

Mtoto alipelekwa kulelewa na familia moja mashambani. Mama alikuwa akienda kumtazama bila mtoto kujua kwamba mgeni yule ndiye mama yake. Mnamo 1901, Montesano alimuoa mwanamke mwingine, na Montessori akajiuzulu katika chuo walichokuwa wakikiongoza pamoja. Mwanamke aliyejitolea kwa hali na mali kuwalea watoto wa wengine alikosa nafasi ya kumlea wake. Mario alirejea kwake akiwa tayari kijana, baada ya kifo cha Renilde mnamo 1912, na tangu hapo hawakuachana. Ndiye aliyekuwa msaidizi wake mkuu hadi mwisho.

Baada ya kuacha chuo, Montessori alirudi kusoma falsafa na saikolojia. Fursa ya kujibu swali lililomsumbua ilipatikana katika mtaa wa San Lorenzo, mojawapo ya mitaa ya mabanda na umaskini mjini Roma. Kampuni iliyokarabati nyumba za mtaa huo ilitaka mtu wa kuwaangalia watoto waliobaki peke yao wazazi wakiwa kazini. Mnamo Januari 6, 1907, alifungua huko Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto.

Vifaa vilivyotengenezewa watoto wenye ulemavu wa akili sasa vilitumiwa na watoto wa vibarua. Herufi za mbao zilikuwa ghali, hivyo akazikata kwa karatasi ya msasa na kuzibandika kwenye kadi. Watoto walizipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Baada ya miezi michache, watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika maneno wenyewe.

Hata hivyo, waliofika kutazama walishangazwa zaidi na utulivu wa watoto kuliko kuandika kwao. Utulivu huo haukuletwa na kiboko. Watoto walichagua kazi, wakaimaliza, wakarudisha vifaa mahali pake. Montessori alifuta zawadi na adhabu pia, baada ya kuona kwamba mtoto aliyezama katika kazi hakuzijali hata kidogo.

Siku moja aliamua kuwafunza namna ya kupenga kamasi kwa adabu, bila kelele na bila kuvuta macho ya watu. Alipomaliza, watoto walimpigia makofi kwa shangwe. Alishangaa, kisha akaelewa. Watoto hao walikuwa wakikemewa na kuaibishwa kila siku kwa sababu ya pua zao, lakini hakuna aliyewahi kuketi nao na kuwaonyesha kwa upole cha kufanya. Walichoshangilia ni heshima waliyopewa.

Somo jingine lililopata umaarufu ni lile la kimya. Lilianza siku alipoingia darasani akiwa amempakata mtoto mchanga wa miezi minne, akawaonyesha watoto jinsi alivyotulia. Watoto walijaribu kutulia kama yeye hadi wakaanza kusikia mlio wa saa na matone ya maji. Baadaye Montessori alikuwa akisimama chumba cha pili na kumwita kila mmoja kwa mnong'ono. Aliyeitwa aliinuka na kunyata, akijizuia asiguse kiti wala kuvuruga kimya cha wenzake.

Katika zoezi hilo dogo mlikuwa na mafunzo mengi ya hisia. Mtoto alijifunza kusubiri zamu yake, kuutawala mwili wake na kuyajali mahitaji ya wengine. Zaidi ya yote, kila mmoja alisikia jina lake likitajwa kwa upole. Montessori alipowaletea peremende za kuwapongeza, watoto walizikataa, kana kwamba zingeharibu furaha waliyokuwa wameipata.

Mnamo 1909, alichapisha kitabu kuhusu mbinu yake, nacho kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Alialikwa Marekani 1913, na miaka michache baadaye akaweka makao yake Barcelona, Uhispania. Huko, akiwa Mkatoliki, aliendeleza malezi ya kiroho ya watoto. Kanisa dogo lilijengwa kwa kimo chao, lenye viti na vyombo walivyoweza kuvifikia, na watoto walipanda ngano na mizabibu iliyotumiwa kuandaa mkate na divai ya ibada. Kwake, imani haikuwa somo la kukariri majibu. Ilipaswa kuguswa kwa mikono na kuonjwa katika ukimya, njia ambayo hata mtoto asiyejua kusoma angeweza kuifuata.

Mgala muue na haki yake umpe, lakini sifa hizo zisifunike kasoro. Kitabu chake cha 1910 kuhusu anthropolojia ya elimu kilitegemea vipimo vya vichwa na miili, elimu ambayo sayansi imekwisha kuitupa. Maneno yaliyotumiwa na wataalamu wa wakati wake kuwaelezea watoto wenye ulemavu ni matusi leo. Fauka ya hayo, wazo la kuwatenga watoto hao katika taasisi zao linapingwa siku hizi na wengi wanaotaka wasome pamoja na wenzao.

Alilaumiwa pia kwa kukubali ufadhili wa dikteta Benito Mussolini kuanzia 1924. Uhusiano huo uliingia doa serikali ilipotaka shule zake ziwe chombo cha kueneza ufashisti. Mnamo 1934 waliachana, na shule hizo zikafungwa. Nchini Ujerumani, utawala wa Adolf Hitler nao ulizifunga shule za Montessori.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimfukuza Uhispania mnamo 1936, akahamia Uholanzi. Mnamo 1939 alialikwa India na Jumuiya ya Theosofia. Italia ilipojiunga na Vita Vikuu vya Pili 1940, Waingereza waliotawala India walimchukulia kuwa raia wa nchi adui. Mario alitiwa kizuizini, naye mama akazuiwa kutoka katika makao ya jumuiya hiyo mjini Madras. Agosti mwaka huo, alipotimiza miaka 70, Mario aliachiliwa ili awe naye. Walibaki India hadi 1946 na kuwafunza walimu zaidi ya 1,000.

Aliporejea Ulaya iliyoharibiwa na mabomu, aliendelea kuhubiri kwamba amani hujengwa katika malezi ya mtoto. Aliteuliwa kuwania Tuzo ya Amani ya Nobel mnamo 1949, 1950 na 1951, japo hakuipata. Alifariki Mei 6, 1952 mjini Noordwijk aan Zee, Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 81, na akazikwa huko huko.

Italia, iliyowahi kuzifunga shule zake, baadaye iliiweka sura yake kwenye noti ya lira 1,000 iliyotumika hadi nchi hiyo ilipoanza kutumia sarafu ya Euro mnamo 2002. Mbinu ya kujifunza herufi kwa kuona, kusikia na kugusa kwa pamoja hutumiwa hadi leo na walimu wa watoto wenye matatizo ya kujifunza kusoma, yakiwemo yale yanayoitwa disleksia.

Hapa Kenya, Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa 1986, huwafunza walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, jambo ambalo Montessori aliliomba kule Turin karibu karne moja kabla yake. Adhabu ya viboko nayo ilipigwa marufuku shuleni mnamo 2001. Hata hivyo, shule nyingi zenye jina lake ni za kibinafsi na za mijini, na karo yake humzidi mzazi wa kipato kidogo, ilhali mbinu zenyewe zilibuniwa kwa watoto wa hospitali za wendawazimu na mitaa ya mabanda.

Lakini sehemu kubwa ya urithi wake haihitaji karo. Karatasi ya msasa hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, kimya hakinunuliwi, na kumwita mtoto kwa jina lake badala ya kumwita mjinga hakumgharimu mwalimu hata senti moja. Mzazi au mwalimu aliye na mtoto anayeshindwa na somo anaweza kuanzia pale alipoanzia Montessori na yule msichana wa miaka 11: kuiweka sindano kando kwa muda, na kutafuta kazi ambayo mikono ya mtoto huyo tayari inaiweza.